Kwaya Uani kwa Mama

Siku hizi ukimchoka mtu, miwani yako inamfuta machoni na masikioni mwako. Mama alinifuta nilipomwambia mimi ni shoga. Ila miwani haiwezi kutenganisha sauti za watu wanaoimba pamoja, ndiyo maana kila Jumapili kwaya yetu ya mashoga huzunguka mtaani, kuwaimbia jamaa waliotufuta. Tumechoka, lakini tunaenda.

Leo tuliimba uani kwa Mama. Alipangusa machozi, akasema huku akitazama ukuta, "Imbeni tena, wanangu."

"Mama, ni mimi, Mwangeka," nikasema peke yangu. Hakugeuka.

Baadaye akaleta sinia ya chai. Katikati ya vikombe vya wageni kulikuwa na kile changu cha bati, cha tangu utotoni.

Miwani hakuivua.