Biskuti za Hitima ya Mume wa Fuko

Ijumaa, tarehe nne Rajabu, saa nane mchana, Fuko kipofu alifiwa na mumewe, mwokaji. Siku ya arobaini alikanda unga, siagi na sukari, ili wageni wa hitima wale biskuti za marehemu. Akapalia makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko.

Jirani yake Kicheche akacheka. “Shoga, huoni! Utajuaje zimeiva? Mimi mwenye macho nitaoka zangu.”

“Macho hayanusi, shoga. Marehemu alinifundisha kungoja harufu.”

Kicheche alifunua sufuria yake kila mara atazame. Moto wa juu ukapotea, majivu yakaingia, biskuti zikabaki mbichi. Fuko hakufunua mpaka siagi iliponukia mlangoni. Biskuti zake ziliiva vizuri, wageni wakatosheka, na Kicheche akala tatu.

Mola amrehemu mwokaji yule, ampe kauli thabiti. Amina.