Helikopta ya Tumpale

Siku hizi mama ndiye humchagulia mwanawe helikopta ya jeshi ya kujifunzia urubani. Tatu, zenye kusema kama watu, zilimgombea Tumpale wangu, na zote zilikuwa zimeisikiliza nyumba yetu kwa vinasa sauti mwaka mzima.

Ya kwanza ilijisifia injini. Ya pili ikasema, "Shikamoo, mama," nikacheka.

Ya tatu ikasema taratibu, "Tumpale anaogopa kuruka. Kila asubuhi hufungulia bomba bafuni ili usimsikie akilia."

Mwaka mzima nimemgombeza kwa kumaliza maji!

Kapteni aliyesimamia uchaguzi akaninyooshea kalamu nitie sahihi. "Hii ndiyo inayomjua, mama."

"Sasa kama anaogopa kuruka, nikuchague kwa lipi?" nikaiuliza helikopta.

"Mlio wangu unashinda wa bomba, mama. Kwangu alie atakavyo, hakuna atakayemsikia."