Adhabu Isiyo na Gharama

Adhabu aliyoibuni Buanali haikuhitaji hata kufuli.

"Jela inataka mlinzi, na mlinzi anataka kula," aliiambia kamati ya kijiji, amesimama wima kama picha ya kitambulisho. "Kufuta jina kunataka kalamu tu. Nami ninayo."

Jina lenyewe ni lile la kwenye lista, ile orodha ya fidia. Tangu gesi ilipogunduliwa baharini, kila familia iliyoandikwa humo ilikuwa ikingoja kuhamishwa na kupewa nyumba ya matofali. Mwizi akikamatwa, familia yake ingefutwa yote, pamoja na mtoto anayenyonya.

"Aliyeiba mbuzi na aliyeiba nazi ni sawa?" aliuliza Carimo, mvuvi asiyejua kukaa kimya.

"Sawa. Bei moja, hakuna kupunguziana."

"Na aliyeua mtu, mwenyekiti?"

"Naye vilevile. Kwani ana majina mangapi ya kufuta?"

Mkutano ukaangua kicheko. Hata Chamima, mjane wa kaka yake Buanali, alicheka huku akimnyonyesha kitinda mimba wake. Sheria ikapita kwa makofi.

Ijumaa iliyofuata, kijiji kizima kikiwa msikitini, mwenyekiti alikuwa amejibanza nyuma ya minazi yake, akiitumikia haki. Hakungoja sana. Alikamata nazi nne, panga moja, na Chamima.

"Watoto hawajala tangu jana, shemeji."

"Nasikitika sana," alisema Buanali, uso ukimng'aa kwa furaha. "Lakini nikikufuta wewe mmoja, kijiji kizima kinajifunza bure. Huoni ilivyo rahisi?"

"Ni watoto sita. Wa kaka yako."

"Ndiyo maana itawauma. Adhabu isiyouma ni kupoteza wino."

Chamima alipiga magoti, akambembeleza, akamshika miguu. Buanali alimwacha aendelee kidogo, maana ilikuwa inampendeza, kisha akajinasua.

Mjane akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Akatazama njia ya kijijini. Akatazama na ya pwani.

"Nani mwingine ameniona?"

"Hakuna. Mimi natosha."

Buanali akainama kukusanya nazi za ushahidi. Nyuma yake, Chamima akaokota panga lake.

"Na yule aliyeua, shemeji, mnamfuta mara ngapi?"

"Mara moja," akajibu Buanali bila kugeuka, kwa kuwa swali la sheria hakuwahi kuliacha bila jibu.