Ulimi wa Jedidah

"Ya kwanza," alisema Tony, meneja wa hoteli, akimshikisha Jedidah glasi ndogo.

Jedidah alikuwa amefumba macho. Alivuta funda, akalizungusha mdomoni, akalitema kwenye bakuli. "Ganda la chungwa. Mizizi. Uchungu unakuja baadaye, polepole. Hii imetoka kwao Italia."

Jeremiah alikunja uso. Alikuwa ametoka Isebania, mpakani, alfajiri na katoni kumi za amaro, ile pombe tamu-chungu ya mitishamba ambayo Waitaliano hunywa baada ya chakula. Tangu Januari hakuna baa iliyotaka kuigusa. Ilibaki hoteli hii ya Homa Bay tu, na Tony alikuwa amemwambia waziwazi: mama huyu aliwapikia mainjinia wa Kiitaliano miaka minane, kwa hiyo ulimi wake ndio utaamua kama mzigo unashuka au unarudi.

"Ya pili."

"Sukari iliyoungua. Mtu ameongeza maji, lakini haina neno."

"Eish! Huyu ni fundi kweli," Jeremiah alimnong'oneza Tony. "Hata lebo haangalii!"

"Lebo mtu yeyote anaweza kubandika," alijibu Jedidah. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Ya tatu ilikuwa yake Jeremiah. Tony alimimina, akamsogezea yeye kwanza. Huku mwenye pombe huonja mbele ya watu ndipo wengine wanywe. Hata chang'aa ya uani hufuata sheria hiyo. Jeremiah alijishika tumbo haraka.

"Vidonda vya tumbo, boss. Daktari amenikataza kabisa."

Tony hakubishana naye. Kwenye meza ya pili, mwanamume mmoja aligeuza ukurasa wa gazeti lake.

Jedidah akapewa glasi. Safari hii hakuvuta funda. Aliugusisha ulimi tu, akatema, akajifuta kwa leso, akaugusisha tena. Alikuwa amengoja siku hii wiki saba, akidhani atasikia hasira, au hofu, au chochote kile. Hakusikia kitu. Moyo ulikuwa mkavu kabisa, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe.

"Sharubati ya machungwa ya dukani," alisema. "Halafu uchungu wa kwinini. Halafu kitu kinachochoma puani."

"Hiyo ndiyo ladha yenyewe!" Jeremiah alidakia. "Mama, aki nihurumie. Nikirudi na huu mzigo nimekwisha. Watoto wangu wananingoja mimi tu."

Jedidah aliiweka glasi mezani. Huko nje mwanamke alikuwa akinadi dagaa wa omena kwa sauti ya kukwaruza.

"Ni ipi, mama?" Tony aliuliza.

"Ni hii ya mwisho."

Jeremiah aliruka, akapiga makofi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ero kamano, mama! Mungu akuzidishie!"

Mwanamume wa gazeti alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake. Alimwekea mkono mmoja begani. Mkono wa pili ulishika pingu.

"Una hakika, mama? Mahakamani watakuuliza."

"Nina hakika," alisema Jedidah, akiwa ameuelekeza uso dirishani, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Krismasi nilionja kifuniko kimoja tu cha hii, nikaamka sioni. Chupa aliimaliza mume wangu."