Jumamosi ya Tano

Ilikuwa imebaki skrubu moja tu kumaliza kompyuta niliyokuwa nikimuundia shangazi, nilipoingia chumbani kwake kuchukua ekstensheni ya umeme.

Nyuma ya mlango, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na kompyuta ya dukani. Niliigusa. Ilikuwa bado ya moto. Miwani ya shangazi ilikuwa pembeni, juu ya karatasi ya udhamini yenye tarehe ya kabla sijamletea hata kasha tupu.

Damu ilinichemka. Mimi ndiye niliyemwambia, "Za dukani bati tupu, shangazi. Nitakuundia mwenyewe, kidogo kidogo." Jumamosi nne nimeleta kifaa kimoja kimoja, naye akiuliza kila kimoja kina kazi gani. Kumbe ananichezea shere!

"Umeiona?" aliita kutoka sebuleni.

Nilikirudisha kitambaa kama nilivyokikuta.

Mezani alikuwa ameshaweka vikombe viwili vya chai. Kati ya viti sita, viwili tu havikuwa na vumbi: chake na changu.

Nilichomeka waya, nikawasha. Feni ilizunguka laini, bila kelele.

"Ndiyo imekwisha hivyo?" aliuliza, akiishika ncha ya kitambaa cha meza.

Skrubu ilikuwa kiganjani mwangu. Niliitia mfukoni.

"Bado, shangazi. Hii feni mbovu. Nitaleta nyingine Jumamosi."

Aliinama, akaitazama ikizunguka.

"Hata mimi naona, mwanangu," alisema, akinivutia kiti. "Inakwamakwama."