Alimwoa Udi Wake

Picha ya harusi ilifutwa kabla chai ya Inshirah haijapoa.

Alikuwa ameipandisha asubuhi hiyo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, katika ukurasa wa mumewe, marehemu Wagdi Abusenna, mpiga udi, ile ala ya nyuzi, wa Mansura. Sasa mahali pake palikuwa patupu. Chini, mhariri mmoja aliyejiita Hudihudi alikuwa ameandika: "Haki ya picha ni ya aliyeipiga, si ya aliyepigwa. Tafadhali leta idhini ya mpiga picha."

Mpiga picha alikwishazikwa zamani. Studio yake siku hizi inauza simu.

Inshirah hakumchukia Hudihudi. Hakujua kama ni kijana au mzee, ila alikuwa na adabu, tena amejipa jina la ndege aliyemletea Nabii Suleiman habari za hakika. Lakini ukurasa ule ulikuwa na sentensi moja iliyomchoma: "Hakuwahi kuoa." Chanzo chake kilikuwa gazeti. Wagdi alipofariki, mwandishi mmoja aliandika kwa mbwembwe kwamba bwana yule hakuwa na mke ila udi wake, na Hudihudi akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Inshirah aliifuta sentensi hiyo. Ikarudi. Akanakili maneno ya kwenye jalada la kanda, pale Wagdi alipomshukuru "mwenzangu wa nyumbani". Yakaondolewa, kwa kuwa ni mali ya kampuni iliyotoa kanda, na isitoshe hayakutaja jina. Akaeleza kwamba hati ya ndoa anayo kabatini.

"Hati ya kabatini msomaji hawezi kuifikia," akajibu Hudihudi. "Nahitaji kitu kilichochapishwa. Na samahani, mama, mtu hawezi kuwa shahidi wa habari zake mwenyewe."

Tangazo la kifo cha Wagdi lilichapishwa, naam. Lilitolewa na kaka zake, likataja wanaume wa ukoo mmoja mmoja. Kwao jina la mwanamke haliwekwi gazetini. Ni heshima. Watoto ambao wangesema "mama yetu", Mungu hakuwajalia.

Alitoka roshanini kupunga hewa. Kwenye roshani ya pili, jirani yake Mama Hisham alikuwa akivuta kamba ya kikapu chake cha mikate kutoka chini.

"Hajati, bado unagombana na ndege wako?"

"Anataka gazeti."

"Mwambie aje aniulize mimi. Miaka yote nilikusikia ukimgombeza marehemu kwa kuacha viatu sebuleni. Mwanamke hamgombezi mwanamume namna ile kama hajaolewa naye."

Inshirah akacheka. Hakuwa amecheka tangu Idi.

"Na wifi yako Busayna? Si alikuwepo harusini?"

"Yuko kitandani Iskandaria. Mwanawe alisema madaktari wamekata tamaa. Hata simu hapigi tena."

Mama Hisham akashusha sauti. "Mungu amfanyie wepesi. Ila siku hizi matangazo ya vifo yanataja ukoo mzima, wanawake kwa wanaume. Wale wa ghorofa ya chini waliandika hadi mashemeji walioko Kuwait."

"Kwa hiyo mtu afe ndipo niandikwe?"

"Usinitazame hivyo. Nasema tu."

Inshirah alinunua gazeti, akasoma ukurasa wa vifo kwa makini kama mtu anayesoma dua mpya. Ilikuwa kweli. Wake, mawifi, wakwe, wote walikuwemo kwa majina yao.

Wiki iliyofuata, baada ya sala ya Alfajiri, hakuinuka kwenye msala. Alikaa hapo hadi jua likapanda, akiomba msamaha. Kisha akavaa nguo nyeusi, akaenda kwenye ofisi ya matangazo ya gazeti.

Karani hakuinua macho. "Mungu akupe subira, Hajati. Kitambulisho."

"Changu au cha marehemu?"

"Kimoja kinatosha. Kibali cha mazishi mtaleta mkishapewa." Akapitia karatasi aliyopewa. "Jina la Wagdi Abusenna tuliweke kwa herufi nzito? Watu wanamkumbuka."

"Hapana. La mwanamke ndilo liwe zito. Lake, na la baba yake."

"Familia nyingi hazipendi hivyo."

"Hii inapenda."

"Haya. Wanaotaka kutoa pole wapige simu namba gani?"

Inshirah akamtajia namba ya nyumbani.

Tangazo lilitoka Alhamisi, na asubuhi hiyo akaweka nakala yake kwenye ukurasa wa Wagdi bila kujitaja. Alasiri alichemsha kahawa bila sukari, kahawa ya msiba, akapanga viti sebuleni kama inavyopasa. Kisha akafungua kompyuta, akakaa mbele yake.

"Hakuwahi kuoa" ilikuwa imeondoka. Mahali pake palisomeka: "Mkewe alikuwa Inshirah Mahfuz." Kando ya jina kulikuwa na kinamba kidogo cha chanzo. Hudihudi alikuwa ameongeza chini: "Ahsante kwa chanzo. Poleni sana kwa msiba."

Inshirah aliisoma sentensi ile kwa sauti, polepole, mpaka kahawa ikapoa. Viti vilibaki vitupu. Alikuwa bado ameweka kidole juu ya jina lake simu ilipolia.

"Nyumbani kwa marehemu Wagdi?" Ilikuwa sauti dhaifu, ya mtu anayezungumza akiwa amelala. "Mimi Busayna, dada yake. Nimesomewa gazeti sasa hivi. Masikini Inshirah, kafa peke yake, wala sikumuaga." Sauti ikakatika kwa kilio, ikarudi. "Nani mwenzangu?"

Inshirah akalitazama tena jina lake kwenye kioo cha kompyuta.

"Jirani tu," akasema.