Kidole cha Shahada

Mama alikisukuma kijiti ndani ya jiko, akakikandamiza kwa koleo mpaka kikashika moto. Uani, kitindamimba wake alikuwa akikitafuta kijiti hicho hicho chini ya meza, nyuma ya ndoo, hata ndani ya viatu.

"Mama, hujaona kijiti changu cha kuzungushia propela?"

"Sijakiona, mwanangu." Akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo.

Injini ilikuwa mpya, ndogo kama ngumi ya mtoto, imefungwa kwa skrubu kwenye ubao mnene. Ndege yenyewe, ya kurushwa kwa rimoti, ilingoja chumbani, juu ya kabati. Injini mpya haiharakishwi, kijana alikuwa akimweleza tangu asubuhi: unaipa mafuta mengi, inanguruma taratibu dakika mbili tatu, unaizima, inapoa, unaiwasha tena, mpaka vyuma vizoeane. Kama ndoa, Mama alimjibu, wakacheka wote wawili.

Kicheko cha Mama kiliishia mdomoni. Barua ilisema Jumatatu kijana aripoti kambini. Kaka yake aliripoti kambi hiyo hiyo mwaka jana, vita vikamrudisha ndani ya sanduku ambalo Mama alikatazwa kulifungua.

Kwenye foleni ya zahanati wanawake walikuwa wamemnong'oneza: jeshi halina haja na mtu asiye na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, maana ndicho cha kufyatulia risasi. Na fundi aliyemfundisha kijana mambo ya ndege hizi alikuwa na vidole vinane. Propela haimjui mwenye nyumba, ndivyo alivyokuwa akisema. Mama alipima siku tatu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kijana alipochoka kutafuta, aliizungusha propela kwa kidole cha shahada. Injini ikakubali. Mara ya pili pia ikakubali. Mama alisimama mlangoni na kitambaa safi mkononi, midomo ikisali, wala hakujua tena anaomba lipi. Mara ya tatu injini ilikuwa bado ya moto. Ikapiga kinyume, propela ikakichukua kidole.

Kijana aliuinua mkono. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Damu haijafika kwenye kiwiko, Mama alikuwa amekwisha kuufunga. Kijana akakitazama kile kitambaa, kisha akamtazama mama yake.

Jumatano ofisa wa jeshi alikuja na daftari. Mtu mwenye adabu, alivua kofia mlangoni. Alifungua bandeji, akatazama, akasema wiki ile ameona vidole vinne vya namna hii. Siku hizi kila nyumba ina shoka kali, alisema.

"Wanaojikata tunawafunga miaka saba, mama."

"Hii ni ajali, afande."

Mama alikimbilia chumbani, akaishusha ndege, akaileta mezani pamoja na rimoti yake. Akaeleza yote, jinsi injini mpya ilivyopiga kinyume. Kwamba kijana aliijenga kwa mikono yake. Kwamba kwa injini yake kuukuu, kabla ya hii mpya, alikuwa akiipitisha katikati ya nguzo za goli, akaigeuza tumbo juu, akaja kuitua kwenye khanga iliyotandikwa chini, na fundi wake mwenyewe hakumfikia. Mtu kama huyu ashike shoka? Alisema mpaka koo likakauka, na kila neno lilikuwa kweli.

Kijana alimgusa mguu chini ya meza. "Basi, Mama." Mama hakusikia.

Ofisa aliichukua rimoti, akavisukuma vishikio vyake viwili polepole, kimoja baada ya kingine. Shaka ilikuwa imemtoka usoni.

"Nakuamini, mama. Hii ni ajali."

Mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ofisa akafungua ukurasa mpya, akamgeukia kijana. "Kule vitani tunazo ndege kama hizi mia, wa kuzirusha hatuna. Vidole gumba vyote viwili ni vizima?"